Bustani ya Uani: Maji Kwanza, Mbegu Mwisho

Somo kwa wakaazi wa Makupa na mitaa mingine ya Kisiwa cha Mombasa

Mvua za masika zinapokaribia, wakaazi wengi wa Makupa hutazama uani na kuona nafasi ya mboga. Palipoanikwa nguo pangeweza kuota mchicha. Pembeni ya karo pangekaa ndoo mbili za dania na pilipili. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kwenda kununua pakiti za mbegu. Mbegu huota vizuri wakati wa mvua, kisha mvua hukatika, mtungi wa maji unakuwa wa kugombaniwa na jiko, na baada ya wiki chache bustani inabaki kuwa udongo mkavu na vijiti.

Kosa huwa kwenye mpangilio. Mbegu ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika bustani, na ndicho kinachofaa kununuliwa mwisho. Kabla yake kuna maswali matano: maji yatatoka wapi, jua linaangukia wapi, udongo ukoje, ardhi ni ya nani, na mbu watazuiwaje. Somo hili linayapitia moja baada ya jingine, kisha linaonyesha mfano wa ua mmoja uliopangwa kwa hesabu.

1. Maji: mtungi ndio kipimo cha bustani

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya bomba yanayotumika mjini hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Kaunti ya Taita Taveta, visima vya Baricho katika Kaunti ya Kilifi, na vyanzo vya Marere na Tiwi katika Kaunti ya Kwale. Kwa hivyo wakaazi wengi huishi kwa mgao, matangi, na maji ya kununua kwa mtungi. Bustani isiyopangwa huongeza mdomo mwingine unaokunywa kutoka mtungi huohuo.

Hesabu yake si ngumu. Siku ya jua kali, mita moja ya mraba ya mboga za majani huhitaji takriban lita 5 za maji. Mtungi mmoja wa lita 20 basi hutosha mita 4 za mraba kwa siku. Mwenye ua wa mita 20 za mraba aliye na mtungi mmoja tu wa ziada asilime ua wote. Alime mita 4, na azilime vizuri. Bustani ndogo inayonyweshwa kila siku huzaa kuliko kubwa inayonyweshwa siku ikipatikana nafasi.

Kabla ya kuamua ukubwa, nyumba ifanye hesabu ya wiki moja. Yaandikwe maji yanayomwagwa lakini yangeweza kutumika tena: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo kabla ya sabuni. Haya yanafaa mboga za majani. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arishia nguo hayafai kumwagiwa mchicha wala dania. Afadhali yapelekwe kwenye mgomba, na hata hapo yasituame. Maji ya chooni hayafai kabisa.

Paa nalo ni chanzo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 400. Hata theluthi moja ikipotea kwa kumwagika na kwa kuachia maji ya kwanza yaoshe vumbi na kinyesi cha kunguru, zinabaki zaidi ya lita 260, yaani mitungi 13. Mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko hulipa gharama yake mapema.

Visima vya kisiwani vinahitaji uangalifu. Vingi vina maji ya chumvi, na vilivyo karibu na mashimo ya vyoo huweza kuwa na uchafu usioonekana. Mwenye kisima ajaribu hivi: apande mchicha katika makopo mawili, moja alinyweshee maji ya kisima na jingine maji ya bomba, kwa wiki mbili. Ncha za majani zikiungua na kugeuka rangi ya kahawia katika kopo la kisima, chumvi imezidi. Ikiwa tofauti ni ndogo, maji hayo yatumike kwa mimea inayostahimili chumvi kidogo, kama mchicha na spinachi. Maharagwe, vitunguu na karoti ni dhaifu kwa chumvi. Maji ya kisima yamwagwe kwenye udongo na si juu ya majani yatakayoliwa, na mboga ioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa. Zile zinazoliwa mbichi, kama dania na nanaa, zinyweshwe maji safi pekee.

2. Jua: kivuli hakikai mahali pamoja mwaka mzima

Mboga za majani hutosheka na saa nne au tano za jua kwa siku. Zinazozaa matunda, kama mabamia, biringani, pilipili na nyanya, zinataka saa sita au zaidi. Kwa hivyo ua hupimwa kwa macho kabla ya jembe. Siku isiyo na mawingu, vitiwe vijiti au mawe kwenye mpaka wa kivuli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Eneo ambalo halikufikiwa na kivuli mara zote tatu ndilo la mabamia. Lililofikiwa mara moja ni la mchicha, kunde na sukuma wiki. Lililofikiwa mara mbili au tatu ni la pipa la maji, mboji na kitalu cha miche.

Kuna jambo moja ambalo wengi husahau. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini. Ukuta wa urefu wa mita 2 hutupa kivuli cha takriban mita 1 upande wake wa kusini adhuhuri ya Juni. Ukuta huohuo Desemba hutupa kivuli cha takriban sentimita 70 upande wake wa kaskazini. Ghorofa ya mita 6 huzidisha vipimo hivyo mara tatu. Anayepima ua wake Desemba na kupanda chini ya ukuta wa kaskazini ataona jua tele, kisha ashangae mboga zikidumaa Juni. Kuta za mashariki na magharibi ni rahisi zaidi: ya mashariki huziba jua la asubuhi, ya magharibi huziba la alasiri, mwaka mzima.

Kivuli cha alasiri si adui. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi na kiangazi, jua la saa nane huchoma miche michanga. Sukuma wiki na dania hushukuru ukuta ulio magharibi yao. Pasipo na ukuta, kipande cha wavu au makuti machache juu ya fito nne hufanya kazi hiyo.

Upepo pia uangaliwe. Makupa iko upande wa ndani wa kisiwa, haipigwi na upepo wa bahari kuu kama kingo za kusini. Hata hivyo vichochoro kati ya nyumba hukusanya upepo, na mmea ulio mdomoni mwa kichochoro hukauka haraka kuliko wenzake. Hapo pasipandwe kitu cha majani laini.

3. Udongo: jiwe liko karibu kuliko inavyodhaniwa

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Katika nyua nyingi udongo ni kina cha vidole vichache, umechanganyika na kokoto, chokaa na vifusi vya ujenzi. Vipimo vitatu vya nyumbani vinatosha kumwonyesha mkaazi alichonacho.

Kipimo cha kina. Chuma chembamba kikandamizwe ardhini mahali kadhaa baada ya kulowesha udongo. Kikigonga jiwe kabla ya sentimita 20, asihangaike na sururu. Atengeneze tuta lililoinuliwa kwa mawe, matofali au mbao, lenye kina cha sentimita 25 hadi 30, na alijaze udongo wa kuletwa.

Kipimo cha siki. Udongo mkavu kijiko kimoja umwagiwe siki kidogo. Ukitoa povu, una chokaa nyingi ya matumbawe. Udongo wa namna hiyo huzuia mizizi kupata madini ya chuma, na dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dawa ni mboji na samadi iliyooza, kwa wingi na kila msimu. Jivu la jikoni, ambalo watu wengi hulimwaga bustanini kwa nia njema, huongeza tatizo hilo. Kwenye udongo wenye povu jivu lisitumike.

Kipimo cha maji. Lichimbwe shimo la sentimita 30 pale inapowezekana, lijazwe maji, yakinywewa lijazwe tena. Maji yakikaa zaidi ya siku moja, mizizi itaoza wakati wa masika. Tuta liinuliwe au mahali pabadilishwe.

Udongo wa kujaza matuta uchanganywe sehemu mbili za udongo wa shamba, sehemu moja ya samadi iliyooza na sehemu moja ya mchanga. Mchanga uwe wa mtoni. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya kauri, na hurudisha tatizo lilelile lililokimbiwa. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, kwa hivyo ikae miezi miwili au mitatu ikioza kabla ya kutumika.

Mombasa ina bahati ya mabaki ya nazi. Makumbi yaliyokatwakatwa na kuloweshwa, kisha maji yake kumwagwa mara mbili tatu ili chumvi itoke, ni blanketi zuri juu ya tuta: hupunguza maji yanayopotea kwa jua na huzuia magugu. Machicha ya nazi yafukiwe ndani ya mboji. Yakiachwa juu hualika sisimizi na panya.

Usalama wa udongo. Pamoja na hayo yote, mkaazi aulize pale uani palikuwa nini zamani. Palipokuwa gereji, palipochomwa taka au nyaya, palipovunjwa betri za magari, au palipo na mabaki ya rangi kuukuu iliyobanduka ukutani, udongo huweza kuwa na madini ya risasi. Sumu hii haina rangi wala harufu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi kwa kuwa huchezea udongo na kutia mikono mdomoni. Kaunti ya Mombasa inajua uzito wa jambo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, shughuli za kuyeyusha betri kuukuu ziliacha risasi katika mazingira ya watu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni. Mwenye shaka na udongo wake asipande chakula ardhini. Atumie matuta yaliyotandikwa karatasi nzito ya nailoni chini, yenye matundu ya pembeni ya kutolea maji, au vyombo vyenye udongo wa kuletwa, na ajaribu kupata kipimo cha maabara kabla ya kubadili nia.

4. Ardhi: nyumba ya huyu, kiwanja cha yule

Katika Makupa, Majengo na mitaa jirani kuna desturi ya Mombasa ambayo mgeni huistaajabia: nyumba huwa ya mtu mmoja na kiwanja cha mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Humo ndani tena hukaa wapangaji wa chumba kimoja kimoja, wote wakitumia ua mmoja. Bustani inaingia katikati ya uhusiano huo wote.

Mboga za msimu hazileti mvutano mkubwa. Mti wa matunda ni jambo jingine. Mwembe au mlimau huishi miaka mingi, mizizi yake hufika kwenye msingi wa nyumba na shimo la choo, matawi yake hupita juu ya paa la jirani, na siku ya kuhama huzuka swali la nani mwenye mti. Anayetaka kupanda mti kwenye kiwanja kisicho chake apate kwanza idhini ya mwenye kiwanja na ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi, hata kama ni mistari mitatu. Akikosa idhini, apande kwenye ndoo, gunia au beseni, vitu ambavyo atahama navyo.

Wapangaji wanaotumia ua mmoja wakubaliane mambo manne kabla ya kuanza: kamba za nguo zitabaki wapi, nani atanyweshea siku gani, maji yatalipwa vipi, na mboga zitagawanywa vipi. Njia ya kupita hadi chooni na mlangoni isizibwe, hasa kwa ajili ya wazee na kwa dharura ya moto usiku.

5. Mbu: bustani isiwe kiwanda cha dengue

Mombasa imewahi kupatwa na mikurupuko ya homa ya dengue mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na kati ya mwisho wa 2017 na 2018 ikapatwa pia na chikungunya. Maradhi yote mawili huletwa na mbu wa aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Mbu huyu hahitaji dimbwi. Hutaga mayai penye maji kidogo tu: kisahani chini ya chungu cha maua, kopo tupu, tairi, pipa lisilo na kifuniko. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa yakipata maji. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi wakati wa joto.

Kwa hivyo bustani ya uani ina sheria zake. Pipa la maji lifunikwe kwa kifuniko au wavu mzuri uliokazwa kwa kamba. Visahani chini ya ndoo viondolewe, au vijazwe mchanga. Tairi la kupandia likatwe mdomo wote wa juu na litobolewe chini, la sivyo lisitumike. Makopo na madafu matupu yasiachwe yakielekea juu. Mara moja kila wiki, siku ileile, vyombo vyote vimwagwe na visuguliwe kwa ndani, kwa kuwa mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo. Ijumaa asubuhi au Jumapili jioni, nyumba ichague siku yake na isiivunje.

Mfano: ua wa mita 5 kwa 4

Tuchukue ua wa kawaida wa nyumba ya Kiswahili: mita 5 kutoka magharibi hadi mashariki, mita 4 kutoka kusini hadi kaskazini. Nyumba iko magharibi, urefu wa ukuta hadi paa ni mita 3. Kaskazini kuna ukuta wa jirani wa mita 2. Mashariki ni ua wa waya. Choo na bafu viko pembe ya kusini-magharibi. Chuma kiligonga jiwe kwa sentimita 12. Siki ilitoa povu. Maji ya ziada ni mtungi mmoja kwa siku wakati wa kiangazi, na mitungi miwili wakati wa mvua.

Hesabu ya maji inaamua: mtungi mmoja ni mita 4 za mraba. Hayo yawe matuta mawili ya mita 1 kwa 2. Upana wa mita 1 umechaguliwa ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Kati ya matuta iachwe njia ya sentimita 50.

Jua linaamua mahali. Mita 1 iliyo chini ya ukuta wa kaskazini itakuwa na kivuli mchana wa Juni, kwa hivyo hapo pawekwe pipa la maji, shimo la mboji na kitalu. Upande wa magharibi karibu na nyumba una kivuli kuanzia alasiri na ndiyo njia ya kwenda chooni. Matuta yanabaki nusu ya mashariki, mbali na choo, yakipata jua kutoka asubuhi hadi karibu saa tisa alasiri.

Tuta la kwanza ni la mchicha. Ligawanywe sehemu nne za sentimita 50. Wiki ya kwanza ipandwe sehemu ya kwanza, wiki ya pili sehemu ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Mchicha huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne. Wiki ya tano sehemu ya kwanza inavunwa, inatiwa samadi ndoo ndogo na kupandwa tena. Kwa njia hii nyumba hupata mboga kila wiki, badala ya kuvuna zote siku moja na kukaa mwezi mzima bila kitu.

Tuta la pili ni la sukuma wiki, miche minane kwa mistari miwili, umbali wa sentimita 45 hadi 50. Majani huchumwa kutoka chini, na yaachwe manne au matano juu ili mmea uendelee. Joto la mwanzo wa mwaka likirudi, miche hiyo ing'olewe na mahali pake papandwe mabamia au kunde.

Karibu na mlango wa jikoni zikae ndoo kuukuu za rangi, zikiwa zimesafishwa na kutobolewa matundu manne au matano chini: moja ya dania, moja ya nanaa, moja ya pilipili, moja ya mrehani. Ndoo au mtungi uliowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali ya kiwandani usitumike kabisa. Mbegu za dania zipasuliwe kidogo kwa chupa na kuloweshwa usiku mmoja ili ziote upesi. Mrehani una kazi zaidi ya moja katika nyumba ya Kimombasa, kwani pamoja na asumini huenda kwenye kikuba.

Asiye na mita 4 atumie gunia. Katikati ya gunia kujengwe nguzo ya vipande vya matofali, kwa kutumia kopo lisilo na kitako linalovutwa juu kadiri udongo unavyojazwa kando. Maji humwagwa kwenye nguzo na kuenea ndani. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja hukaa mahali pa kiti kimoja.

Kalenda ya kisiwa

Februari na Machi ni miezi ya kupima, kujenga matuta na kuozesha samadi. Jua ni kali, basi kupanda kusizidi kile ambacho mtungi unakimudu.

Mwisho wa Machi na Aprili, mvua za masika zinapoanza, ipandwe mchicha, kunde na mabamia. Miche ya sukuma wiki ianzishwe kitaluni chini ya kivuli.

Mei kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Mbegu ndogo kama za mchicha hufukuliwa na matone, kwa hivyo zifunikwe kwa majani makavu hadi ziote. Mifereji izibuliwe, na konokono waokotwe jioni.

Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na kipupwe kikiingia, ndio msimu mzuri wa sukuma wiki, spinachi, dania na nyanya. Joto hupungua, na wadudu hupungua kidogo.

Oktoba na Novemba, mvua za vuli, ni nafasi ya pili ya kunde, mabamia na biringani.

Desemba na Januari bustani ipunguzwe. Kupumzisha tuta moja chini ya makumbi si uvivu, ni kulihifadhi kwa masika.

Wageni wasioalikwa

Kunguru hung'oa miche kwa mchezo tu, na mbuzi wa mtaani humaliza tuta kwa dakika tano. Wavu au matawi ya miiba kwa wiki tatu za kwanza hutosha kwa kunguru. Kwa mbuzi hakuna dawa ila mlango uliofungwa. Vidukari na inzi weupe wakionekana, majani yenye wadudu wengi yachumwe na kutupwa, na mengine yapulizwe upande wa chini kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, jioni jua likiwa limepungua. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa pia husaidia.

Dawa za kiwandani zina hatari ya pekee uani, mahali ambapo watoto hucheza, chakula hupikwa na nguo huanikwa. Zikilazimu, ziwe zimesajiliwa, kipimo kifuatwe, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo, zihesabiwe kikamilifu. Mbegu nazo zinunuliwe katika pakiti iliyofungwa na yenye tarehe, si za kupimiwa kwa kijiko kutoka mfuko usiojulikana.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kwenda kununua mbegu, mkaazi ajiulize:

1. Kuna mitungi mingapi ya ziada kwa siku katika mwezi mkavu zaidi, na hiyo ni mita ngapi za mraba?
2. Kivuli kilikuwa wapi saa tatu, saa sita na saa tisa, na kitahamia wapi Juni na Desemba?
3. Chuma kiligonga jiwe kwa sentimita ngapi, na siki ilitoa povu?
4. Mahali hapa palikuwa nini kabla, na kuna sababu ya kushuku risasi?
5. Mwenye kiwanja, mwenye nyumba na majirani wa ua wameafiki?
6. Siku ya kumwaga na kusugua vyombo ni ipi, na ni jukumu la nani?

Aliye na majibu ya maswali yote sita ana bustani tayari, hata kama hajashika jembe. Asiye na majibu asubiri wiki moja zaidi. Mbegu ndani ya pakiti haiharibiki kwa wiki moja, lakini iliyopandwa pasipo maji haingoji hata siku tatu.

Chini ya Katiba ya 2010 kilimo ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Mita nne za mboga hazitajaza ghala. Lakini jioni ya mwisho wa mwezi, wakati mfuko umekauka, fungu la mchicha lililong'olewa uani hubadilisha ugali mkavu kuwa chakula. Wakaazi wanaohitaji ushauri kuhusu udongo, mbegu au wadudu wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa eneo lao, wakiwa na majibu ya maswali haya mkononi. Afisa atawasaidia haraka zaidi mwenye kuja na vipimo kuliko mwenye kuja na majani makavu.